Mgogoro wa ardhi: uanzie kwa wazee, kata, baraza la wilaya au kwa kiongozi?

Jirani kahamisha mpaka. Au shangazi kauza kipande cha shamba la marehemu babu bila kumshirikisha mtu. Au ulinunua kiwanja Chanika, ukaweka mawe, na siku moja unapita unakuta mtu mwingine kashusha matofali. Ukiwasimulia watu, kila mmoja ana njia yake: mama atasema kaa na wazee, fundi atasema nenda kwa mwenyekiti, rafiki aliyesoma atakutajia wakili, na dereva wa bodaboda atakukumbusha kwamba waziri anakuja Ijumaa, andika bango.

Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa mgogoro uleule. Hapa naziweka njia hizo nne kando kwa kando, kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na Mahakama yake ya Ardhi. Nchi nyingine nazo zina majina yao kwa mvutano huuhuu kati ya wazee na dola: Rwanda wana abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa kutoka jamii yenyewe, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze upatanishi wa jadi. Kwetu mpangilio unatoka hasa katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, pamoja na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002, iliyofanyiwa mabadiliko makubwa 2021.

Vya kupima kabla hujachagua

Kwanza pesa, na usihesabu ada peke yake: hesabu nauli za mashahidi na siku za kazi zitakazopotea. Pili muda. Tatu ushahidi ulionao, kwa sababu mwenye hati na mwenye kumbukumbu za bibi hawabishi mlango mmoja. Nne, karatasi utakayotoka nayo: je, inamlazimisha mtu kuondoka, au inamsihi tu? Tano, ujirani. Ukishinda kesi dhidi ya ndugu yako, bado mtakutana msibani. Sita, nani anapewa nafasi ya kusema. Hiki cha mwisho watu hukisahau, hasa wanaume.

Mimi kipimo cha nne na cha tano ndivyo naviona vinaamua mengi. Mtu anayetaka amani na jirani akianzia kwa wakili ataipata ardhi na kumkosa jirani. Anayetaka kuweka rehani benki akiishia kwa wazee atatoka na baraka tu.

Wazee na kikao cha ukoo

Gharama ni ndogo. Soda, chai, kwingine mbege, na nauli ya mjomba anayetoka mbali. Muda hauna kanuni. Kikao kinaweza kumaliza jambo Jumamosi moja, au kikaahirishwa "mpaka Desemba watu wote wakirudi nyumbani", na wenye asili ya Kilimanjaro wanajua Desemba hiyo inavyoweza kusogea hadi Desemba nyingine.

Kwenye ushahidi, wazee hawana mpinzani. Baraza lolote la mbali litauliza karatasi. Wazee watatembea shambani. Uchagani mpaka ni masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mstari mmoja, na kwa Wahaya mmea wa jamii hiyohiyo huitwa omulamula. Mzee anayelijua shamba hatazami majani. Atainama atazame shina: sale la miaka mingi lina shina nene na limejishika ardhini, lililohamishwa msimu uliopita bado linayumba na udongo wake ni tofauti. Atakuuliza nani alipanda ule mparachichi, na maji ya mfereji yalipita wapi kabla ya barabara. Hayo hayamo kwenye jalada lolote, na kila mzee anapozikwa yanapungua.

Kwenye karatasi ndipo njia hii inapolegea. Muhtasari wa kikao cha ukoo una kazi yake, maana ukienda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi utaulizwa huo. Lakini mtu akigeuka kesho, muhtasari haumwondoi shambani. Andikeni hata hivyo: mipaka kwa majina ya majirani wa pande zote nne, tarehe, sahihi au dole gumba la kila upande, na mashahidi wasio wa ukoo.

Kwa ujirani, hakuna inayoizidi. Kwa swali la nani anasikilizwa, inategemea ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Ukiingia kikaoni utasikia "huyu ataolewa" kana kwamba sheria hiyo haijatungwa. Mjane anayeketi mbele ya shemeji zake watano, huku mmoja wao ndiye anayelitaka shamba, hajafika mbele ya wasuluhishi. Yupo mbele ya wapinzani.

Jambo moja zaidi: muda wa kisheria wa kudai ardhi ni miaka 12, na mazungumzo ya ukoo hayausimamishi. Vikao vya upole vikirefuka, aliyeingia shambani anazidi kupata nguvu.

Inafaa mipaka ya mashamba ya urithi, ndugu walioelewana vya kutosha kukaa chumba kimoja, na eneo ambalo halijapimwa.

Baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata

Nimeyaweka pamoja kwa sababu leo kazi yao ni moja, kusuluhisha. La kijiji lina watu saba, na wanawake wasipungue watatu. Wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. La kata lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu wakiwa wanawake. Mjini hakuna baraza la ardhi la kijiji. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuwakutanisha, lakini yeye si baraza, na mhuri wake si hukumu.

Wengi bado wanaamini baraza la kata linaamua nani mwenye ardhi. Zamani lilikuwa na mamlaka hayo kwa migogoro ya thamani ndogo. Mabadiliko ya 2021 yaliyaondoa. Sasa linapatanisha, na likishindwa linatoa cheti kwamba upatanishi umeshindikana. Bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri lako. Zikipita siku 30 tangu ulipofungua bila suluhu kupatikana, unaruhusiwa kwenda wilayani bila cheti. Kwa hiyo siku unayofungua, hakikisha una nakala yenye tarehe na mhuri. Nimesikia watu wakizungushwa na katibu wa baraza kwa miezi, "wajumbe hawajatimia, njoo wiki ijayo", wasijue kwamba siku zao 30 zimeshakwisha na mlango wa juu uko wazi.

Gharama ni ada ndogo, na wakili haruhusiwi kusimama kwa uwakili wake. Hilo linamsaidia asiye na pesa, ingawa anayejua kuongea bado anamshinda anayejua ukweli. Ushahidi unakuwa mchanganyiko: hati ya mauziano, mashahidi wa mpakani, kwenda kuona eneo. Ujirani bado una nafasi, maana hakuna anayetangazwa mshindi. Kuhusu nani anasikilizwa, viti vya wanawake vilivyowekwa kisheria vinabadilisha mambo zaidi ya watu wanavyodhani. Mjane aliyezimwa kwenye ukoo anakuta angalau nyuso tatu ambazo si za shemeji zake.

Udhaifu wake ni ule wa kitu chochote cha karibu. Mjumbe anaweza kuwa mkwe wa mpinzani wako. Na kama kiongozi wa kijiji ndiye aliyeshuhudia mauziano ya kwanza na ya pili ya shamba lilelile, usitegemee kijiji hichohicho kiwe na hamu ya kuyafukua.

Inafaa ardhi ya kijiji isiyo na hati, wapangaji na wenye mashamba wanaogombania mkataba wa mdomo, na mtu yeyote anayejua ataishia wilayani, kwa sababu hapa ni lazima apite.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Hapa ndipo uamuzi wenye meno unapoanzia. Mwenyekiti ni mwanasheria na hukaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, yaani washauri wanaotoa maoni kabla ya uamuzi. Linasikiliza madai ya kurudishiwa ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na madai mengine ya hadi milioni 200; zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Linaweza kutoa amri ya zuio ili ujenzi usimame wakati shauri linaendelea, na uamuzi wake unakazwa, yaani unatekelezwa, hata kwa kumtoa mtu ndani ya nyumba. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Gharama zinapanda, lakini si lazima uwe na wakili. Sheria inakuruhusu kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na ndugu au mtu wa kaya yako. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, jambo lililowaondolea wengi aibu ya kushinda au kushindwa kwa maneno wasiyoyaelewa. Pia kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Waulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri wapo wapi. Mara nyingi kinachomaliza watu ni nauli. Shahidi wako mzee wa miaka 78 analetwa mjini kwa basi la alfajiri, shauri linaahirishwa, na safari ya pili anakataa.

Muda ni mrefu. Na urefu wenyewe si kitu kibaya kuliko vyote. Kibaya ni kuanza upya. Mahakama ya Rufani imefuta maamuzi mengi ya mabaraza haya, baada ya miaka ya kusikilizana, kwa sababu tu maoni ya wazee wa baraza hayakutolewa na kusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zote za shauri, kabla ya uamuzi. Aliyeshinda anarudi kwenye mstari wa kuanzia bila kosa lake. Kwa hiyo kama wewe ndiye mdai, usiogope kukumbusha kwa heshima: "Mheshimiwa, maoni ya wazee hatujayasikia." Mtu asiye na wakili anaweza kusema hivyo, na inaweza kumwokolea miaka.

Ushahidi hapa ni wa karatasi kwanza. Maombi yako lazima yaonyeshe ardhi iko wapi kiasi cha kutoweza kuichanganya na nyingine: namba ya kiwanja na kitalu kama imepimwa, kama haijapimwa, kijiji, kitongoji, ukubwa na majirani wa pande nne. "Shamba langu lililopo Mkuranga" halitoshi. Na kama ulinunua ardhi ya kijiji, utaulizwa kama halmashauri ya kijiji iliidhinisha. Mauziano ya watu wawili na kalamu, hata kwa pesa halali, yameshaangusha wengi.

Ujirani usiutarajie. Kuna njia ya katikati ambayo haitumiki vya kutosha: mkipatana katikati ya shauri, makubaliano yenu yanaweza kuandikwa na baraza kuwa uamuzi, na hapo amani yenu inapata meno. Kwa mtu anayependa wazee lakini haamini kama mwenzake atashika neno, sijaona iliyo bora kuliko hiyo.

Kuhusu nani anasikilizwa, mjane na mwanamume wanaapa kiapo kimoja na kuulizwa maswali yaleyale. Asiyejua taratibu anaweza kupotea humu, lakini hapotezwi kwa sababu ni mwanamke.

Inafaa uvamizi, mauziano mara mbili, mpinzani mgeni asiye na ndugu wa kumwonya, au ardhi unayotaka kuitafutia hati au kuiweka dhamana.

Kiongozi: mkuu wa wilaya, mbunge, waziri na kliniki ya ardhi

Njia hii ina historia. Miaka ya mwanzo ya tisini Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijizolea sifa kwa siku zake saba: jambo litatuliwe ndani ya wiki, la sivyo. William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi alikaa na wananchi mmoja mmoja na mafaili yao, na siku hizi Wizara inaendesha kliniki za ardhi. Watu hawaendi huko kwa ujinga. Wanaenda kwa sababu wameshazungushwa kwingine.

Gharama ni sifuri au nauli tu. Muda unaweza kuwa dakika kumi. Faida yake kubwa ni pale adui yako si jirani, ni jalada. Kiwanja kimoja kimegawiwa watu wawili, ile wanayoiita milki pandikizi, hati imekwama, fidia imethaminiwa na hailipwi, mpima anakuzungusha kurejesha bikoni, yale mawe ya mpaka. Mambo haya yamo ndani ya uwezo wa ofisi, na kiongozi akiuliza jalada linaonekana. Kliniki ya ardhi, yenye afisa ardhi, mpima na mthamini meza za jirani, kwa hilo ni bora kuliko baraza lolote.

Ushahidi? Lete karatasi zilizopangwa na maelezo ya ukurasa mmoja. Mwenye bango lenye hasira hupata makofi. Mwenye faili hupata namba ya simu ya msaidizi.

Karatasi utakayotoka nayo ndiyo tatizo. Mkuu wa wilaya hana mamlaka ya kuamua nani mmiliki. Akimwamuru mpinzani wako aondoke mbele ya umati, mpinzani huyo anaweza kwenda barazani kesho yake na tamko la jukwaani lisimzuie. Kiongozi akihamishwa, amri yake inahama naye. Na aliyefanikiwa kukifikia kipaza sauti kwanza ndiye aliyesikilizwa. Upande wa pili labda hata haukujua kuna mkutano. Ukitangazwa mshindi mbele ya umati, jirani yako ameaibishwa mbele ya umati huohuo, na watu hawasahau aibu ya hadharani.

Inafaa ofisi iliyolala, mgogoro wa mipaka kati ya vijiji viwili, wakulima na wafugaji pale damu inaponuka, au kundi kubwa linalodai fidia moja.

Milango inayokosewa

Polisi na kesi ya kuingia kwa jinai: kama mnabishania umiliki, kesi ya jinai haitaamua shamba la nani. Itawaweka ndani watu wawili kwa zamu.

Ardhi ya marehemu: kabla ya kudai lolote kwa wa nje, awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto wa kwanza, hata awe ndiye anayelima tangu zamani, hasimami kwa niaba ya marehemu bila uteuzi huo. Ugomvi wa warithi wenyewe kwa wenyewe kuhusu mgawo ni wa mahakama ya mirathi, si wa baraza la ardhi.

Na kama unayemdai ni halmashauri au serikali ya kijiji, unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua Mahakama Kuu. Hapo tafuta wakili mapema.

Kwa hali yako

*Jirani wa siku zote, mpaka umesogea hatua chache:* wazee, mkiwa shambani, tena mkitoka na maandishi. Ikishindikana, kijiji.

*Mjane au binti anayesukumwa nje na ukoo:* usimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo kwanza, ukiwa na msaidizi wa kisheria. Kikao cha ukoo kiwe cha kukupa muhtasari, kisiwe cha kukuamulia.

*Mtu anajenga kwenye kiwanja chako sasa hivi:* fungua shauri kata leo upate tarehe, anza kuandaa maombi ya wilayani na ya zuio, na piga picha zenye tarehe za kila hatua ya ukuta.

*Una hati na mwingine ana hati ya kiwanja hichohicho:* ofisi ya ardhi au kliniki ya ardhi, ujue jalada linasema nini kabla ya kutumia senti kwa kesi.

*Uko nje, Muscat au Minneapolis, na shamba linaliwa na ndugu:* hati ya uwakilishi (power of attorney) iliyosajiliwa kwa mtu unayemwamini, kikao kimoja cha ukoo kwa simu ili isionekane umewaruka, kisha kata. Usisubiri likizo ijayo kama miaka 12 inakaribia.

*Umeshaanza barazani na mkutano wa waziri unakuja:* nenda ukatafute nyaraka zilizokwama, si hukumu. Na tarehe ya baraza ikigongana na ya mkutano, nenda barazani. Shauri la mdai asiyefika linaweza kufutwa asubuhi hiyohiyo.